Nondo Yenye Kichwa Chekundu

Mimi hupiga picha treni za mizigo. Siuzi picha hizo, sizipeleki kwenye mashindano, na hakuna ofisi iliyonituma. Nimefundisha fizikia katika shule ya upili hapa Kitengela kwa miaka mingi. Nina mume, nina watoto wawili ambao sasa wanajitegemea, na Jumamosi nikipata nafasi nachukua kamera na kuelekea Kajiado kusubiri treni ya magadi. Zamani watu wakiniuliza kwa nini, nilikuwa natafuta sababu. Siku hizi sitafuti.

Aliyenichosha zaidi kwa swali hilo ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Tulikuwa tumekusanyika kwake kupanga harusi ya binti yake, na alikuwa ametarajia nitajitolea kupiga picha. Nilimwambia ukweli kwamba picha za watu zinanishinda. Watu hupepesa macho.

"Kwa hivyo kamera iko," alisema kwa sauti ya kufika hadi jikoni, "lakini ya harusi hakuna. Ya treni iko. Treni ilikuomba picha?"

"Haikuomba."

"Basi kaa nyumbani. Mwanamke wa umri wako, mwalimu, kulala kwenye nyasi kama mtu ameibiwa!"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, kisha akaniona uso na kuirudia sahani yake ya pilau kwa bidii. Niliondoka pale nikiwa nimeamua jambo moja: mwaka ule nisingekaa nyumbani hata mwezi mmoja.

Nieleze kwanza jinsi nilivyoanza, kwa sababu huenda nawe una kitu unachokipenda na unakificha. Siku moja nilitumwa na shule kwenda Kajiado kikazi. Pale barabara inapokatiza reli nilizuiwa na treni iliyokuwa ikipanda kutoka bondeni. Kwenye kiti cha nyuma nilikuwa na karatasi za mtihani ambazo hazijasahihishwa. Nikazima gari, nikaanza kuhesabu mabehewa, maana mwalimu wa fizikia akikosa la kufanya huhesabu. Yalikuwa yamepakwa vumbi jeupe la magadi hadi kwenye magurudumu, kama magunia ya unga yaliyopasuka. Injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu zake zote na bado ilikwenda polepole kiasi kwamba mbwa mmoja alitembea kando yake bila kuharakisha. Behewa la mwisho lilipopita niligundua kwamba nilikuwa nimetabasamu peke yangu kwa muda mrefu. Ni hayo tu. Sina hadithi ya baba aliyefanya kazi relini. Niliipenda tu.

Kamera niliinunua kwa mpiga picha wa harusi wa hapa mjini aliyekuwa akibadilisha yake. Alinifundisha vitufe vitatu, akaniambia vingine nisiviguse. Ushauri mzuri. Ukitaka kuanza, hata simu inatosha. Kitu cha lazima ni subira, kwa sababu treni ya mizigo haina ratiba ya kumjulisha mtu wa pembeni. Iliyojaa hupanda ikinguruma na utaisikia mbali sana kabla ya kuiona. Tupu hushuka ikigongana vyuma kama masufuria kwenye beseni. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi zaidi kuliko hewani, kwa hiyo reli huanza kuimba kabla upepo haujakuletea habari. Lakini usije ukaweka sikio lako juu ya reli kwa sababu mwalimu amesema. Kaa mbali, vaa rangi inayoonekana, tazama mbuzi. Mbuzi wakiinua vichwa wote kwa pamoja, washa kamera.

Baada ya mwaka mmoja wa kupiga ovyo nilipata wazo. Ningechagua mahali pamoja na kupiga picha moja kila mwezi, kutoka mahali palepale, kwa urefu uleule, kwa miezi kumi na miwili: treni ileile, kona ileile, na nchi ikibadilika nyuma yake, kutoka vumbi la Januari hadi majani ya mvua, baridi ya Julai, na vumbi tena. Kila siku nawafundisha wanafunzi kwamba ukitaka kujua kitu kimoja kinavyobadilika, vingine vyote uviache kama vilivyo. Sasa nilitaka kulifanya hilo kwa raha yangu.

Mahali nilipapata nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwenye mwinuko mdogo ambapo reli inajipinda na treni yote inaonekana kwa pamoja, kichwa hadi mkia. Kushoto palikuwa na nyumba ya mabati, kulia boma la mbuzi lililozungushiwa miiba. Watu sikuwaona siku hiyo. Sikubisha hodi popote. Kwa kuwa nilihitaji kupapata palepale kila mwezi, nilipigilia ardhini kipande cha nondo kilichobaki tulipojenga nyumba yetu, na ili kionekane kwenye nyasi nikakipaka ncha rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo la geti.

Msomaji wa Kajiado ameshaweka mkono kichwani. Kwa wengine, nieleze. Huku kwetu, chuma kilichochomekwa ardhini kikiwa na kichwa chekundu si chuma. Ni bikoni. Maana yake ni kwamba sorveya, mpima ardhi, alipita ukiwa umelala au umeenda sokoni, na kuna ramani mahali fulani ambayo wewe hujaiona. Nami si mgeni wa jambo hili! Ploti yetu ya Kitengela ina bikoni nne, na mwaka tulioinunua nilikuwa nikizikagua kila Jumapili baada ya kanisa kuhakikisha hakuna aliyezisogeza. Lakini siku ile nilikuwa nawaza kona, mwanga na treni. Nilichomeka bikoni katika ardhi ya watu, kando ya reli, nikaondoka nikiimba.

Nilirudi kila mwezi. Saa nyingine nilifika asubuhi, saa nyingine alasiri, kulingana na treni. Nilivaa kizibao cha njano kinachong'aa, kwa usalama. Nilisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mguu wa mbele ukiigusa ile nondo. Nilikuwa na daftari. Watu walinitazama kwa mbali, nami niliwapungia mkono. Hawakunipungia, nikafikiri ni haya.

Picha kumi na moja zilikwisha. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Desemba, shule zimefungwa, na nilikuwa nimeshaambiwa na mume wangu kwamba Krismasi tutakuwa kwa dada yake. Nilitaka niingie nyumba ile nikiwa na mwaka mzima mkononi.

Mvua fupi zilikuwa zimenyesha, na nyasi zilikuwa zimefika magotini. Niliipata nondo, nikasimamisha stendi, nikapima mwanga. Nilipoinua kichwa, watu wawili walikuwa wamesimama mbele yangu. Mmoja alikuwa mama wa rika langu, amejifunga shuka nyekundu, mkononi ana panga la kazi. Ndiye mwenye nyumba ya mabati. Mwingine alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, kofia nyeupe na kikoi. Mbuzi wa kulia walikuwa wake. Baadaye nilijua kwamba ametoka kaskazini mashariki miaka mingi iliyopita, na boma lile amelikodi kwa mama huyo.

"Takwenya," nilimsalimu mama kwa Kimaasai changu cha sokoni.

Alipaswa kunijibu "Iko". Hakujibu. Mmaasai akikunyima jibu la salamu, jua una kesi.

"Hii chuma ni yako?" aliuliza.

"Ni yangu, mama."

"Ni yako ama ni ya wale wamekutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Mimi ni mwalimu."

Mwenye mbuzi alicheka bila furaha. "Mwalimu wa nini na kizibao ya kubomoa nyumba? Wallahi, hata mimi nikivaa koti nyeupe nitakuwa daktari."

Hapo ndipo nikafanya kosa la walimu wote: nikaeleza. Nilieleza kamera, nikaeleza miezi kumi na miwili, nikaeleza kwamba stendi hii si ya kupimia ardhi, ya kupimia ina kioo tofauti. Nilipoona hayaingii, nikampa mwenye mbuzi daftari ajionee. Alilisoma kwa sauti, taratibu, kama hakimu.

"'Hatua arobaini mpaka reli. Nyumba ya mabati, kushoto. Boma ya mbuzi, kulia, imesonga.'" Aliinua macho. "Imesonga! Mama, ameandika boma yangu imesonga!"

"Niliandika ili nijue kwa nini picha ya Julai ni tofauti na ya—"

"Imesonga kwa sababu ya chuma yako! Mimi nimeng'oa miiba yote nikarudi nyuma, mbuzi wangu wanalala wakipandana, kwa sababu ya hii chuma yako!"

Mama alinishika mkono, si kwa ukali, akanigeuza nitazame nyumba yake. Kando ya ukuta kulikuwa na rundo la mawe ya kujengea, yale ya kuchongwa yanayotoka machimbo ya kwetu Kitengela. Majani yalikuwa yameota katikati yake.

"Hiyo ni jikoni yangu," alisema. "Fundi alikuwa anakuja wiki ile. Nikaona chuma. Nikamwambia fundi ngoja. Nimeenda ofisi ya ardhi mara tatu, wananiambia hakuna kitu. Nikasema hawa wananificha. Mwaka yote napikia nje, moshi, mvua, na wewe unakuja kila mwezi unatupungia mkono."

Niwe mkweli: sijawahi kuona aibu kama ile, na nimewahi kusahihisha mtihani wa darasa zima kwa majibu ya karatasi nyingine. Nilimwomba radhi. Nilimwomba na mwenye mbuzi. Nikasema nondo naing'oa sasa hivi.

"Hung'oi kitu," mama alisema. "Nang'oa mimi. Na wewe unatoa hii mashine yako, tunaenda kwa chifu, na hapa hurudi."

Ndipo mbuzi wakainua vichwa.

Nilisikia, na wao wakasikia. Kule chini, nyuma ya mwinuko, injini ilikuwa imeanza kupanda. Nilijua nina dakika chache. Picha kumi na moja zilikuwa nyumbani kwenye bahasha, na ya kumi na mbili ilikuwa ikija na mzigo wake.

"Mama," nilisema, "nondo ni kosa langu na nitalibeba. Kwa chifu nitakwenda, kwa miguu ukitaka. Lakini sitoki hapa mpaka treni ipite."

"Unasema nini?"

"Nasema treni ipite kwanza."

"Huyu amerukwa na akili," mwenye mbuzi alimwambia mama, kama vile mimi sipo. "Tumemshika, na anatupangia saa."

"Nipangieni mengine yote," nilisema. "Hili moja hapana."

Mama alinitazama, akanitazama tena, kisha akanipuuza. Alipiga magoti mbele ya kamera na kuanza kuchimba pembeni mwa nondo kwa panga, udongo ukiruka. Mwenye mbuzi alikuja kumsaidia, daftari langu amelibana kwapani. Ningewaomba wasogee, ila mtu aliyechomeka bikoni katika ardhi ya mwenzake hana mdomo wa kumwambia mwenzake asogee. Treni ilijitokeza kwenye kona, kichwa kikitoa moshi, mabehewa meupe yakijipinda nyuma yake kwenye majani mabichi. Nondo ilitoka ghafla, mama akaanguka nyuma na kukaa kitako, nondo juu hewani mkononi mwake. Nikabonyeza.

Treni ilichukua muda kupita, na hakuna aliyeweza kusikika kwa kelele ile, kwa hivyo tulisubiri sote watatu. Ilipokwisha, mwenye mbuzi alikuwa ameshapoa kidogo na kupata mpango. Chifu Jumamosi angekuwa ameenda kwa mambo yake, alisema. Afadhali niandike. Alifungua daftari langu kwenye ukurasa safi, akanipa kalamu yangu mwenyewe, akaanza kunisomea imla.

"Andika: mimi mwalimu, hii chuma ni yangu."

Nikaandika.

"Si ya serikali, si ya reli, si ya sorveya. Hakuna mtu atabomolewa."

Nikaandika, na nikaongeza tarehe na sahihi yangu, kwa sababu barua isiyo na tarehe haina maana.

"Bado. Usiweke sahihi bado. Andika: na sitarudi tena hapa."

Nilifunga kalamu. "Hiyo siandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitarudi."

"Hata baada ya haya yote?"

"Nitabisha hodi. Nitasalimu. Sitachomeka hata njiti ya kiberiti. Kizibao nitavaa cha rangi nyingine. Lakini kuniambia nisije kuangalia treni, hapana, ndugu yangu. Nimeambiwa hivyo na watu wa nyumbani kwangu na nimekataa. Siwezi kukubali kwa mtu niliyemjua leo."

Mama alikuwa bado ameketi chini, akiipangusa nondo udongo kwa pembe ya shuka.

"Na hizi picha zinakusaidia nini?" aliuliza.

Swali lilikuwa lilelile la wifi yangu. Ningeweza kusema ni za kufundishia, au ni kumbukumbu za vizazi vijavyo. Nimewahi kuyasema hayo yote kwa watu wengine. "Hazinisaidii chochote," nilimjibu. "Nazipenda."

Mama akaelekeza panga nyuma ya nyumba, ambako ng'ombe mmoja alikuwa akila majani peke yake, wa rangi nyekundu iliyokoza, na madoa meupe ubavuni kama aliyerushiwa maziwa.

"Unaona ile? Haijawahi kuzaa. Haitazaa. Kila siku ya soko bwana yangu ananiuliza, leo tunauza? Namwambia hapana. Ananiuliza inakusaidia nini? Namwambia wewe angalia tu hiyo rangi."

"Ni ng'ombe mzuri," nilisema.

"Mzuri sana," mwenye mbuzi alikubali, kama mtu wa biashara. "Nimemwambia bei mara kumi, anakataa."

"Na nitakataa," mama alisema. Alisimama, akajipangusa, akamwambia: "Hiyo ya kutorudi, toa. Arudi. Lakini apite kwangu kwanza."

Mwenye mbuzi alinung'unika kwamba mimi ndiye ninayestahili kufungwa na mbuzi ndio wanaopata hasara, lakini aliuchana ule ukurasa, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni. Jioni ile, niliambiwa baadaye, aliutia ndani ya karatasi ya nailoni na kuufunga kwenye geti la boma kwa waya, watu wote waujue. Uko pale hadi leo. Mwandiko wangu ni mzuri, nasikia wanausifu.

Niliwasaidia kuirudisha miiba ya boma mahali pake pa zamani mpaka jua lilipokaribia vilima. Nikarudi Kitengela nikiwa na mikwaruzo mikono yote miwili na nondo kwenye buti la gari.

Krismasi nilizipeleka picha zote kumi na mbili kwa wifi yangu, nimeziosha kwa ukubwa mmoja, na nikazipanga juu ya meza yake kabla hajaleta chakula. Kumi na moja zilikuwa safi: kona, treni, nchi. Ya kumi na mbili ilikuwa na matako ya mwanamume mwenye kikoi upande mmoja, na katikati mama aliyeketi kwenye nyasi, mdomo wazi, ameinua nondo juu kama kombe, na treni nzima nyuma yake.

"Hii imeharibika," wifi alisema. "Watu wameingia."

"Nimeiona."

"Si ungesema watoke?"

"Sikuwa na haki ya kusema."

Alisubiri nieleze, maana amezoea nikieleza. Sikueleza. Aliizungusha, akaitazama tena. "Na huyu anacheka ama analia?"

"Anadai jikoni yake."

Picha hiyo ndiyo niliyoitundika sebuleni kwetu, na zile kumi na moja ziko kwenye bahasha. Mume wangu aliuliza kama ana ruhusa ya kutundika ya harusi yetu kando yake. Nikamwambia nafasi iko.

Januari nilirudi Kajiado. Nilivaa kizibao cha buluu, nikabisha hodi kabla hata sijatoa kamera, na safari hii niliposema "Takwenya" nilijibiwa "Iko" mara moja kutoka ndani, pamoja na moshi wa chai. Ilikuwa ikipikwa ndani ya kuta za mawe, bado hazijapigwa lipu. Picha za mwaka uliopita zimeisha, nilimweleza mama, sasa naanza mwaka mwingine, ila bila nondo sijui nitapajuaje mahali pangu. Alitoka akaniongoza hadi kwenye kona ya jiko, upande wa reli, akagonga jiwe la chini kwa kiatu.

"Hii haitatembea," alisema. "Weka mguu hapa."

Nikaweka kisigino kwenye jiwe. Kona ya reli ilionekana yote. Tulikunywa chai tumesimama mpaka mbuzi wakainua vichwa, nikampa kikombe, nikafungua lenzi.

"Mwalimu!" aliniita kutoka nyuma ya nyumba, akimsukuma yule ng'ombe wake mbele kwa mikono yote miwili, injini ikiwa tayari inanguruma. "Usikate kichwa!"

"Cha treni?"

"Cha ng'ombe! Treni ina haja gani na kichwa?"